Kifurushi Ndani ya Pindo

4 Februari

Mwanangu mtundu,

Pokea salamu nyingi kuliko vifungo vilivyo kwenye kopo langu. Mimi ni mzima, cherehani ni nzima, paka amezaa tena ndani ya kapu la vitambaa vya wateja na nimekwisha kumtolea onyo la mwisho, la tatu hilo. Baba yako yupo, anakuja dukani kila asubuhi kusoma gazeti langu kabla sijalisoma, halafu ananisimulia habari zote ili nisiwe na haja ya kulifungua.

Barua yako ya mwisho nimeisoma na kuirudia, na bado sijui unafanya kazi gani. Watu wakiniuliza nawaambia unaosha chupa, maana hilo ndilo pekee nililoelewa.

Jirani yangu Fundi Saa tumenuniana. Nilimpunguzia suruali yake ya kijivu, akaivaa, akasimama katikati ya duka mbele ya wateja, akatangaza kwamba mguu mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Nikamwambia suruali iko sawa, mguu wako ndio mfupi. Akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo anaivaa makusudi, upande mmoja ukifagia barabara, ili mji mzima uone kazi yangu. Hatusemezani. Ubaya ni kwamba choo cha nyuma ni chetu sote wawili, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu ya kichwa chake. Ukiutaka, sharti umwombe. Lakini hayo tuyaache.

Nilichokuandikia ni hiki. Baba yako amepimwa zahanati, wakamkuta presha iko juu sana. Amepewa vidonge vya kumeza kila siku na hamezi. Anasema hajisikii mgonjwa, kwa nini ameze? Tafadhali usimpigie simu. Akijua mimi ndiye niliyekuambia, hapa hapatakalika. Ndiyo maana naandika. Simu yangu ukipiga nikiwa dukani, Fundi Saa anasikia kupitia ukuta wa mbao, na anasikia zaidi akijifanya hasikii.

Wewe si unasomea namna ya kuingiza dawa mwilini? Basi nipe ujuzi. Mtu mwenye kichwa kigumu anaingizwaje dawa?

Ni mimi shangazi yako, mpole kama kawaida yangu


27 Februari

Shangazi yangu mpole (nimecheka peke yangu hadi mwenzangu wa maabara akaja kuniangalia),

Shikamoo. Mimi mzima. Chumba changu kina dirisha moja linalotazama ukuta, na ukuta huo nimeuzoea hivi kwamba wakiupaka rangi nyingine nitasikitika. Nimejaribu kukaza kifungo cha koti langu, kikadumu mpaka mlangoni. Najua utasema nini. Ulinifukuza kwenye cherehani nikiwa na miaka tisa, na ulikuwa na haki.

Kwa kawaida siwezi kukaa na habari ya Baba bila kumpigia, lakini umenifunga mdomo, basi nimefungika.

Kazi yangu ni hii. Mwili ni seli, unajua hilo. Kila seli hutoa nje vifuko vidogo sana. Ukivipanga maelfu mstari mmoja ndipo vitakapotosha upana wa uzi wako. Zamani wataalamu walidhani seli inatupa takataka. Kumbe zinapelekeana mizigo. Seli hii inafunga kitu ndani ya kifuko, kifuko kinasafiri, seli nyingine inakipokea na kukifungua. Na inakipokea kwa sababu ngozi ya kifuko ni ya ukoo. Si mgeni, ni mtu wa nyumbani kaja na mzigo.

Dawa ikienda peke yake ina shida nyingi. Inakatwakatwa njiani, au inafika na kufungiwa mlango. Kwa hiyo sisi tunafuga seli kwenye chupa (hizo chupa ndizo ninazoosha, hukukosea), tunakusanya maji zilimoishi, tunayazungusha kwa kasi kwenye mashine hadi vifuko vinatuama chini. Tunavitia dawa, kisha tunazimiminia seli nyingine na kusubiri. Dawa yenyewe ni ya seli za ubongo zilizoumizwa na kiharusi. Mkubwa wetu wa maabara anasema tutafika. Hajasema lini.

Kwa hiyo kwa mtu mwenye kichwa kigumu ushauri wangu ni huo huo. Usimpelekee kidonge kama kidonge. Kipite kwa mtu au kitu anachokiona ni chake. Lakini sikiliza, Shangazi, nakufahamu: usimfichie dawa kwenye chakula! Mtu ameze akijua anameza. Naomba uniahidi.

Mwanao anayekupenda


20 Machi

Mwanangu msomi,

Salamu za hapa ni nzuri. Paka na wanawe wamehamia kwa Fundi Saa bila kuniaga. Wasaliti wakubwa. Baba yako amejitolea kuniziba bomba linalovuja nyuma ya duka. Sasa linavuja sehemu mbili. Miaka arobaini na kitu ya ufundi bomba, jamani.

Elimu yako ni kiboko. Nilikata mfuko wa shati lake la zamani, lile la mistari analolipenda, nikamshonea kifuko cha kuingia kidole kimoja. Nikatia vidonge vya wiki, nikamwekea kando ya kitanda bila kusema neno. Wiki ilipokwisha, kifuko kitupu! Sikumficha chochote, ahadi yako nimeiheshimu. Amekiona ni cha nyumbani, amekipokea. Mwambie huyo Mkubwa wenu kama anataka mtu wa kumsaidia nina nafasi Jumapili.

Ila kichwa bado kinamgonga asubuhi. Na juzi alipoinama kutunga uzi akaona nyota mchana kweupe, ikabidi ashike meza mpaka chumba kitulie. Hilo ni joto tu. Limetukalia vibaya mwezi huu.

Na wewe, mbona hukuniambia kama vile vifuko vyenu vimefanya kazi? Umeniandikia vinavyotakiwa kufanya. Mimi nina wateja wa namna hiyo, wananieleza harusi nzima lakini hawasemi kama bwana harusi kakubali.

Shangazi yako


11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima, ukuta wangu mzima. Umenibana, kwa hiyo nitajibu kwanza la bwana harusi.

Hajakubali. Vifuko tulivitia rangi inayong'aa ili tuvione. Tukavimimina, tukasubiri, tukatazama kwenye hadubini, na seli zote zikawa zimejaa nukta za kijani. Mkubwa alicheza. Mtu mzima yule, mwenye miwani miwili, alicheza katikati ya meza za vioo. Kisha tukapima kama dawa imefanya chochote. Hakuna. Kumbe seli imekipokea kifuko vizuri, kwa adabu zote, halafu imekifungia kwenye chumba cha wageni. Kikakaa humo mpaka kikapelekwa kwenye takataka, dawa ikiwa bado ndani. Kuingia kimeingia. Kufika hakijafika. Tumekwama hapo tangu mwaka jana, na naona haya kukuambia kwa sababu umeshawaambia mtaa mzima kwamba natibu kiharusi.

Kwa hiyo kifuko kitupu hakinitoshi, Shangazi. Vidonge viko wapi?

Na nina swali jingine. Tangu lini Baba anatunga uzi?

Nimesoma sentensi ile nikiwa nimesimama, nikakaa. Ndiyo, nimempigia simu. Nimevunja ahadi na sitaki kusamehewa. Nilimuuliza habari ya presha yake, akacheka hadi akakohoa. "Presha gani? Nani kakudanganya? Mimi zahanati naenda kumsindikiza shangazi yako!" Kisha akasikia alichokisema. Baba akakata simu. Baba yangu, aliyeongea hadi kwenye mazishi ya mtu asiyemjua, akakata simu.

Mgonjwa ni wewe. Shati la mistari ni lako, lile la kazi. Umenifanya nifikirie jinsi ya kumwokoa Baba miezi miwili mizima, wakati aliyekuwa akishika meza ni wewe.

Sina hasira. Nina hasira kidogo. Naogopa, Shangazi. Kwa nini humezi?

Mwanao


2 Mei

Kwa binti wa kaka yangu,

Barua nimepata. Hapa wote wazima. Mvua imenyesha. Paka hajarudi.

Mimi nimekulea tangu mama yako alipofariki, sikukulea ili unipeleleze. Ukiandika tena habari za vidonge sitaifungua barua, nitairudisha ilikotoka. Tuandikiane mambo mengine. Hali ya hewa huko ikoje?

Shangazi


9 Juni

Shangazi mpenzi,

Ukiwa unasoma haya, umekwisha fumua bitana. Shikamoo. Usiichane karatasi, itakubidi uiunge.

Barua yangu ya Mei imenirudia. Juu ya bahasha mtu ameandika "Mwenye jina hili hayupo hapa, amehama", kwa mwandiko wako, na kwa chaki ya kitambaa. Hata hukujisumbua kutafuta kalamu.

Basi nikakaa nikawaza kama ninavyowaza kazini. Mlango umefungwa. Jina langu juu ya bahasha ndilo linalofukuzwa. Ni ngozi gani ambayo Shangazi hawezi kuifungia mlango? Nikanunua kitambaa cha kahawia, nikashona sketi hii kwa mkono wangu mwenyewe. Sikujikaza kuiharibu, imeharibika yenyewe. Najua ukiiona bitana ilivyojikunja na pindo linavyopanda na kushuka utasema "ni mhuni gani huyu", na mkono utakwenda kwenye mkasi kabla kichwa hakijauliza. Nampelekea Baba, Baba atampa Fundi Saa, naye ataiweka mezani kwako bila kusema neno. Kwa sababu mmenuniana huwezi kumuuliza ni ya nani. Na mzigo hautabaki chumba cha wageni, maana wewe huwezi kuacha mshono mbaya bila kuufungua wote.

Sasa nisikilize. Baba alinisomea jina lililo kwenye pakiti zako. Ni dawa ya kutoa maji mwilini. Mtu akianza kuimeza anakwenda msalani mara kwa mara, hasa asubuhi. Kisha Fundi Saa akamwambia Baba jambo la ajabu: tangu mliponuniana, hujamwomba ufunguo hata mara moja. Na wewe, uliyekuwa unakunywa chupa nzima ya maji kabla ya saa nne, siku hizi mdomo mkavu kutwa.

Shangazi! Umeacha dawa ya presha ili usimwombe mtu ufunguo wa choo?

Nimecheka. Kisha nikalia, nakuambia wazi ili usijifanye hujui. Dawa ninayohangaika nayo ni ya watu ambao kiharusi kimekwisha kuwapiga. Haijafika hata kwa panya. Pengine itamfaa mtu nikiwa na mvi, pengine haitamfaa mtu yeyote. Wewe unayo dawa iliyokwisha kufika, ya kumeza na maji, na iko ndani ya kopo fulani humo dukani. Sitaki siku moja niinue chupa zangu nikikumbuka kwamba nilikuwa naosha kwa ajili yako na nikachelewa. Mama sina. Nina wewe.

Upande wa kushoto wa pindo nimeuacha wazi. Baba atatia kitu humo, na Fundi Saa atapashona. Fumua na hapo. Ni ufunguo wako mwenyewe. Amekuchongea kwa tupa zake, kwenye meza yake ya saa, na Baba anasema hakutaka hata asante. Huna haja ya kumwomba mtu tena.

Kisha urudi zahanati uwaambie umeruka siku ngapi. Usianze tena kwa kubahatisha.

Mwanao, mshonaji


15 Julai

Mhuni wangu,

Pokea salamu na matusi yote niliyokuwa nayatamka nilipokuwa nafumua kazi yako. Ile si sketi. Ile ni kesi. Mishono inakwenda kama mtu anayetafuta nyumba gizani. Nilikuwa nawaonyesha wateja, nawaambia tazameni, kuna watu wanaojiita mafundi, ndipo karatasi ikachungulia na nikaona "Shikamoo". Nikawaambia wateja duka limefungwa. Mmoja alikuwa amevaa mkono mmoja tu wa gauni, akaondoka nao.

Nilisoma nimekaa kwenye kapu la paka. Sikulia. Vumbi la vitambaa ni tabia yake kuingia machoni.

Pindo la kushoto nilijua si lako hata kabla sijaligusa. Mishono midogo, sawasawa, kama meno ya gurudumu la saa. Yule mtu akishona mashati nitakosa kazi. Usimwambie nimesema hivyo.

Vidonge vilikuwa kwenye kopo la vifungo. Hukukosea. Nilijua siku moja nitaumbuka, maana mwezi wa nne nusura nimshonee mama mmoja kidonge kwenye blauzi, nikashangaa hakina matundu. Nimerudi zahanati. Muuguzi alinisema kwa muda mrefu, na alikuwa na sauti ya kusikika hadi nje, baba yako alipendezwa sana. Wakanipima, wakanipa vipya, vile vya kopo wakavichukua. Wiki mbili baadaye nilipimwa tena, muuguzi akaguna vizuri. Kichwa hakigongi. Uzi naingiza kwenye sindano mara moja, nyota nimewaachia wanajimu.

Utasema pakiti tupu hazikutoshi, na mimi nimekwisha kukujua. Basi muulize Fundi Saa. Mlango ule wa nyuma una bawaba zinazolia, na siku ya kwanza nilipopita na ufunguo wangu, shingo juu, sikumtazama. Mara ya pili sikumtazama. Mara ya nne kabla ya saa tano, akainua kichwa kwenye meza yake akasema, "Jirani, dukani kwangu hakuna saa inayokwenda sawasawa kama huo mlango." Ndiyo maneno ya kwanza tangu Januari. Nilikusudia kumtukana, kicheko kikanitangulia. Kesho yake alitia mafuta bawaba bila kuambiwa. Sasa napita kimya, na nadhani anasikitika.

Nilikuwa naogopa pia, nikuambie. Si choo peke yake. Mama yako alianza na kidonge kimoja kwa siku, nami ndiye niliyekuwa namshikia kikombe. Nilijiambia nisipokianza, ugonjwa hautakuwa na mwanzo. Ni ujinga, najua, lakini ulikuwa ujinga wangu na nilikuwa nimeuzoea kama wewe na ukuta wako.

Sketi nimeishona upya, nimeacha kitambaa cha kutosha pindoni kwa siku utakapoanza kula vizuri. Naituma na barua hii. Ivae uende nayo kazini, wajue una kwenu. Na uniambie ukweli habari ya vile vifuko. Huku mtaani nimewarekebisha, nimewaambia bado mnaosha chupa.

Pindo la kushoto usilifumue.

Shangazi yako


6 Agosti

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Sketi imenikaa kama nimezaliwa nayo. Mkubwa ameuliza nani kashona, nikajivuna kutwa nzima.

Vifuko: tumebadilisha ngozi yake kidogo, ili kifuko kikifungiwa chumbani kijifumue chenyewe. Wiki iliyopita dawa imetoka kwenye chumba cha wageni. Si yote. Kiasi kidogo sana, katika seli chache. Mkubwa hakucheza, alikaa akavua miwani yake yote miwili, akaifuta. Ni mara ya kwanza kitu chetu kimefika. Mtaani usiwaambie bado.

Kuhusu pindo la kushoto, nililiacha siku mbili nzima, na unajua nilivyo. Nimelifumua.

Nimekuta kipande cha kitambaa cha kijivu, kirefu, upana wa kidole kimoja, kimekatwa kwenye mguu wa suruali. Kumbe mguu wa jirani haukuwa mfupi.

Sitamwambia mtu yeyote. Meza dawa.

Mwanao